Kumbe Bukoba ni Karibu

Kemilembe aliishi Mwanza na baba yake. Bibi yake aliishi Bukoba pamoja na Babu, ng'ambo ya ziwa.

Kila Jumapili Bibi alipiga simu. Alisalimia, akacheka, kisha akauliza watakwenda lini kumwona.

"Bukoba ni mbali, Mama," Baba alijibu. "Tutakuja."

Mvua ikaja, mvua ikaenda. Kemilembe aling'oka jino, likaota lingine.

"Bukoba ni mbali, Mama. Tutakuja."

Jumapili moja simu haikulia.

Ililia kesho yake asubuhi. Alikuwa Babu. Baba alisikiliza, akasikiliza, kisha akakaa chini sakafuni.

Akampakata Kemilembe. Akamwambia polepole kwamba Bibi amefariki, na hatapiga simu tena.

Kemilembe akalia. Baba naye akalia.

Wakaenda uwanja wa ndege. Kemilembe hakuwahi kupanda ndege. Alikaa dirishani, Baba akamfunga mkanda.

Vuuu! Vuuu! Ndege ikapaa. Juu mawingu, chini maji.

Kemilembe akavua viatu. Akajifunika koti la Baba. Alijua safari ni ndefu, maana Bukoba ni mbali.

Dada mmoja akampa juisi. Kemilembe akanywa kidogo, akatazama nje.

Vuuu! Vuuu! Juu mawingu, chini maji.

Mara ndege ikaanza kushuka. Du! Magurudumu yakagusa chini. Juisi ilikuwa bado nusu.

Baba akasema wamefika.

Kemilembe akatazama dirishani. Akamtazama Baba.

"Baba, mbona ni karibu?"

Baba akamfungua mkanda. Watu wakasimama, wakashuka, wakaisha.

"Ni karibu, mwanangu," alisema. "Siku zote ilikuwa karibu. Mimi ndiye niliyechelewa."

Kemilembe akamshika mkono. Wakashuka pamoja.

Nyumbani kwa Bibi kulikuwa na watu wengi. Babu alikaa mkekani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo hapa."

Walimzika Bibi karibu na migomba. Kemilembe alitupia udongo kidogo. Pu. Baba alitupia wa kwake. Pu.

Siku zikapita, wageni wakaondoka. Nyumba ikawa kubwa mno.

Jioni moja Kemilembe alimuuliza Babu nani atampikia. Babu akasema hajui. Aliyekuwa akipika ni Bibi.

Baba akanawa mikono. Akaleta mkungu wa ndizi na kisu. Akaanza kumenya.

Babu akasogea, naye akamenya. Kemilembe akakusanya maganda.

Ndizi zikaiva. Chumvi ilizidi, lakini walikula wote, sufuria ikabaki tupu.

Usiku mvua ikanyesha juu ya bati. Ta-ta-ta. Ta-ta-ta.

Kemilembe alilala katikati, Baba huku, Babu kule. Moyo wake bado uliuma.

"Babu, umelala?"

"Bado."

"Mimi pia namkumbuka."

Babu akamvuta karibu. Ta-ta-ta, ikasema mvua. Na wote watatu wakalala.