Simu Iliyoita Ndani ya Unga

Niliyaona yote mwenyewe. Banda langu la kuziba pancha pale Mikumi limegusana na banda la chapati la Rebeka, na anayebisha ajue kwamba mimi jini nalijua kwa harufu kabla halijabisha hodi.

Lilianza jambo dogo tu. Rebeka alikuwa anakanda unga, mchana kweupe, akasikia simu inaita ndani ya beseni. Akachimba kwa vidole. Hamna kitu. Simu yake ilikuwa mezani, imeisha chaji.

"Zabron, umesikia?"

"Mawazo hasi hayo, mke wangu." Mumewe alishinda akisikiliza wahamasishaji kwenye simu. "Waza chanya. Sema: mimi ni mshindi, nina furaha."

"Mimi ni mshindi," Rebeka akasema. "Nina furaha."

Ndani ya unga kitu kikayarudia maneno yale, polepole, kwa sauti ya Katarina.

Katarina alikuwa mdogo wake, aliyechukuliwa na mafuriko kule Kilosa. Siku ile maji yanapanda alimpigia dada yake. Rebeka aliiona simu, akaigeuza kifudifudi, maana walikuwa wamenuniana kwa ajili ya kitenge cha marehemu mama yao. Na msibani, tanga hata halijaanuliwa, Zabron akamnyanyua mkekani mbele za watu, akamrudisha Mikumi. Eti vilio vinaambukiza. Rebeka hakuwa ametoa hata chozi.

Basi kila alipojiita mshindi, kile kitu nacho kilijiita mshindi, kikinawiri. Unga ukaanza kunuka tope la mto, chapati ikigeuzwa inaonyesha alama ya kiganja, na Rebeka akawa hali, haogi, anakaa tu mbele ya jiko lililozimika huku sauti ikimbembeleza kwa upole, twende dada, twende mtoni, huko hakuna wa kukulaumu, mpaka jioni moja akavua aproni, akashika barabara ya Kilosa miguu mitupu, anatabasamu vile vile alivyofundishwa, na ni mkono huu huu, wenye gundi ya pancha, uliomkamata.

Ndipo akaletwa Bibi Hildegarda, mganga wa Kisanga, kwa bodaboda.

"Shikamoo, bibi," Rebeka akanong'ona.

"Marahaba. Nani amekukataza kulia?"

Rebeka akamtazama mumewe.

"Bibi, sisi hapa tunawaza chanya," Zabron akasema.

"Vizuri. Basi mwazie chanya na huyo aliyesimama nyuma yako, anachuruzika maji."

Zabron hakugeuka.

Bibi akatandika mkeka palepale bandani, akawaita wanawake wa jirani wakae, msiba uanze upya. "Haya mwanangu. Sema ulichofanya."

"Niliiona simu," Rebeka akasema. "Niliiona. Nikasema moyoni, mwache anune weee, atachoka. Kumbe ananiita nimwokoe."

Akalia. Akalia mpaka wale wanawake wakamshika mabega, nao wakawalilia wafu wao.

"Na kesho uende hospitali," bibi akamwambia. "Mkeka ni wangu, lakini huzuni iliyokaa muda wote huu inamtaka na daktari."

Kwenye beseni la unga simu ilikuwa imeanza kuita tena; mlio ukakatika. Ukaanza mfukoni mwa shati la Zabron.

"Ahaa," bibi akasema. "Kumbe na wewe alikupigia."

Zabron akaanguka magoti. "Alinipigia, bibi. Nilikuwa naangalia mpira." Akalia kama mtoto, na simu ikanyamaza.

Yote hayo ni kweli tupu, isipokuwa hapo kwa Zabron. Hapo nimetunga, nilimwonea huruma. Zabron hakupiga magoti wala hakulia. Alitabasamu, akauliza, "Simu? Simu gani?" Nayo ikaendelea kuita, na maji ya tope yakaanza kumtoka mkononi mwa shati, tone kwa tone, juu ya mkeka.