Rangi Nne za Kimya

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, Radi na rafiki yake Kimya walikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta. Radi aliitwa hivyo na wenzake kwa sababu ya hasira zake. Zilipiga kabla wingu halijatanda. Kimya naye alikuwa msichana wa maneno machache, lakini macho yake hayakukosa kitu.

Walikuwa wakitengeneza mchezo wa vita. Askari mmoja analinda ngome, mishale inanyesha, kuta zinabomoka, maadui wanaanguka chungu nzima. Walitaka ufanane na michezo ya zamani, ya enzi ambazo mashine zilimudu rangi chache tu. Radi alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora, ila alimwaga kila rangi aliyoiona, na askari wao akapotelea humo humo.

"Simwoni," Kimya alisema. "Tubakize nne."

Alibakiza nyeusi, kahawia, chungwa na nyeupe. Kahawia ikawa ukuta na pia ngozi ya askari. Chungwa ikawa moto na pia ncha za mikuki. Palipohitajika rangi ya tano, alipanga vitone vyeusi na vya chungwa kwa zamu, jicho la mtazamaji likajichanganyia lenyewe. Ghafla vita vikatisha kweli.

Siku ya maonyesho chumba kilifurika. Mwalimu wa kompyuta alitazama askari akipigana mpaka ukuta wa mwisho ukaporomoka.

"Ajabu! Nani aliyefikiria rangi hizi nne?"

"Mimi," Radi akasema. Neno lilimponyoka kabla hajalipima. Makofi yalipolia, utamu wake ukamzuia kulirudisha.

Mwalimu akatoka kwenda kumwita mwalimu mkuu. Kimya akamgeukia rafiki yake.

"Mbona unadanganya?"

"Rudia uone!"

"Unadanganya. Rangi ni zangu."

Ngumi ikampata mdomoni. Kimya alipepesuka, akatema damu, lakini hakulia. Alimrukia Radi, akamkamata nywele, akamgongesha kichwa mezani. Viti vikaanguka. Wenzao wakashangilia kama wako uwanjani. Radi akampiga teke la tumbo, akamwangusha, akamkalia kifuani na kumshindilia ngumi. Kila ngumi alitaka imzibe mdomo, na kila mara Kimya alitoa maneno yale yale kati ya meno yenye damu: "Rangi... zangu."

Kimya alijikwamua, akasimama. Radi akamsukuma kwa nguvu zake zote. Kimya akauangukia mkono wake wa kulia, na mfupa ukalia kama kijiti kikavu.

Kelele zikakatika. Mkono uliopanga vile vitone ulikuwa umepinda vibaya. Radi akavitazama vidole vyake mwenyewe, vimelowa damu ya mwenzake.

Mwalimu akaingia mbio. "Nani kaanza?"

"Wote wawili, Mwalimu!" mmoja akadakia.

Radi angeweza kujificha nyuma ya jibu hilo. Kimya alikuwa amejikunja sakafuni, hata kusema hawezi tena.

"Ni mimi," Radi akasema kwa sauti iliyokatika. "Nilimpiga kwanza. Na rangi ni zake. Nilidanganya."

Kimya alipelekwa hospitali, akafungwa plasta. Radi alisimamishwa masomo. Jioni mama yake, fundi wa kuchomelea mageti, akaja bado ananuka moshi wa kazi. Hakumgombeza. Alimshika mkono, wakaenda kwa kina Kimya.

"Nisamehe," Radi akasema, macho chini.

"Inauma," Kimya akajibu, midomo imevimba. "Na bado nimekukasirikia. Lakini mchezo haujaisha. Utabonyeza wewe, nikuelekeze mimi. Na mbele ya shule nzima utasema rangi ni za nani."

"Nitasema."

Njiani kurudi, mama alitembea mpaka karibu na mlango wao. Hapo akasimama.

"Mwanangu, uongo ukiishiwa maneno huazima ngumi. Ungejibu 'ni Kimya,' mkono wa mwenzio ungekuwa mzima leo. Mfupa daktari ameshaufunga, utaunga. Imani ya rafiki yako utaiunga wewe, kwa kusema kweli hata pale inapokuaibisha."