Hata Mbuzi Alipata Gros Plan

Siku ile sokoni Butembo, kikwembe cha manjano cha Kavuo kilimeta hata ndege iliyokuwa ikishuka Rughenda ikakosa uwanja, ikazunguka mara mbili. Mbele ya meza yake ya vitambaa, kijana mwenye kamera alirudi nyuma, nyuma tena, akaketi ndani ya beseni la nyanya.

"Papa kamera, unatafuta nini?"

"Plan large. Weye na soko yote nyuma yako."

"Mais sasa nyanya yote iko nyuma yako."

Ndiye Kahongya, mpiga video za harusi. Tangu hapo simu haikupoa.

"Chérie, umeamuka?"

"Nimeamuka. Suruali imekauka?"

Mwezi wa tatu, Kahongya akapiga harusi ya Keren, binamu ya Kavuo, kule Beni. Video ilipokuwa tayari, jamaa wakajaa sebuleni kwa Florentine, shangazi yao. Bibi harusi, gros plan: uso umejaza televisheni, hata chozi linahesabika. Mbuzi wa mahari, gros plan, kope moja moja. Kavuo je? Kule mwisho wa uwanja, mdogo kama punje ya haragwe.

"Huyu njo mupenzi wako?" Florentine akacheka. "Hata mbuzi amekupita. Donc yule mufanyabiashara wa Kayna anakutaka, batu bake bakuye kukuposa dimanche?"

Kavuo alimeza aibu. "Bakuye, tantine."

Simu za Kahongya zikalia bure. Jumamosi, siku moja kabla ya wageni wa Kayna, akatokea mwenyewe juu ya pikipiki, mwekundu kwa vumbi, kompyuta kifuani, kamera begani.

"Angalia picha zile nilikata kwa video."

Ulikuwa uso wa Kavuo, karibu kabisa, lakini unarukaruka: sikio, hereni, nusu kidevu, mawingu.

"Huyu ni mutu ao tetemeko la udongo?" Florentine akauliza.

"Kwa mbuzi mukono unatulia, tantine. Kwa huyu, nikikaribia, unatetemeka. Nilijaribu mara kumi na saba. Njo maana nilirudia mbali."

"Juu ya nini hukuniambia?" Kavuo akauliza.

"Nilisikia haya kukuambia."

Kavuo akaichukua kamera, akaisogeza hadi pua ya Kahongya ikajaza kioo.

"Sema sasa. Gros plan."

"Kavuo, nilete batu ba kwetu kwa papa wako?"

Picha ikaanza kurukaruka. Safari hii mkono ulikuwa wa Kavuo.

"Tantine, ambia batu ba Kayna babakie kwabo."

Florentine alichungulia kioo, akatikisa kichwa. "Na harusi yenu, nani ataipiga?"

"Tutaweka kamera juu ya miguu tatu," Kavuo akasema, "na hakuna mutu ataigusa."