Mashine ya Kutembelea Sebuleni

Kila siku saa kumi jioni nilirudi kutoka shuleni, nikavua sare, nikala nilichofunikiwa mezani, kisha nikapiga magoti mbele ya baba na kumfunga kamba za viatu. Mkono wake wa kushoto haukuweza tena kufunga kitu. Kiatu cha kulia kilikuwa rahisi. Cha kushoto kilinitoa jasho, kwa sababu vidole vya mguu ule vilijikunja ndani na baba hakuweza kunisaidia hata kama angetaka.

"Mbona unakaza hivyo? Unaogopa nitatoroka?" aliniuliza siku za mwanzo, nami nikacheka. Baadaye utani wake uliisha.

Baba alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kwa miaka kumi na saba alipita nyumba kwa nyumba na mkoba wake begani, akifunua vifuniko vya mita na kuandika namba. Mtaa mzima ulimwita Bwana Mita. Alijua mbwa yupi ni mkali kweli na yupi ana kelele tu. Kisha asubuhi moja, akiwa anapiga mswaki, akapatwa na kiharusi na kuanguka bafuni. Alipotoka hospitali, upande wake wa kushoto ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Idara ilimpa likizo ya miezi minne. Ikiisha, daktari wa idara angempima. Akionekana anatembea vizuri, angerudi kwenye njia yake. La sivyo, njia ile ingepewa mtu mwingine. Sote nyumbani tulilijua jambo hilo, na hakuna aliyelitaja.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mmoja mwenye mikono ya nguvu na maneno machache, alimpa baba kadi yenye visanduku, kimoja kwa kila siku. Baba alitakiwa atembee nje dakika thelathini, na mtu wa kumsindikiza aweke alama ya vema. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na hakurudi kabla ya saa moja. Kwa hiyo msindikizaji nikawa mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nikajiona nimepewa cheo.

Siku nne za kwanza tulitembea kweli, tukashuka hadi kituo cha mafuta na kupanda tena. Siku ya tano tuliwakuta wenzangu wa darasani wamekaa kwenye ukuta wa duka la vitabu. Mmoja wao, tuliyemwita Kidevu, aliruka chini, akakunja mkono kifuani na kuburuta mguu nyuma yetu. Aliigiza vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wote wakaangua kicheko. Sikugeuka. Niliinamisha kichwa, nikaongeza mwendo na kumwacha baba nyuma hatua nyingi, kana kwamba sikutoka naye nyumbani. Sitaki kuzungukazunguka hapa: nilimwonea haya baba yangu mzazi.

Kesho yake tulipofika nyuma ya ghala la saruji, mahali ambapo watu hawapiti, nilisema, "Baba, leo jua kali. Tukae kidogo."

Nilidhani atakataa. Baba aliitazama ngazi ya ghala, akanitazama na mimi.

"Haya, mwanangu. Tukae," alisema.

Tulikaa nusu saa nzima tukiangalia ukuta. Tuliporudi niliweka alama ya vema. Siku iliyofuata hatukulisingizia jua tena. Tulifika pale, tukakaa, muda ukapita, tukarudi. Baba hakuniambia niandike, wala hakunikataza. Jioni mama aliporudi, nyusi zimejaa unga, aliichukua kadi hata kabla hajavua viatu.

"Hongereni," alituambia. "Mnajitahidi kweli."

Nami nilikimbilia jikoni nikijifanya natafuta maji ya kunywa. Hivyo ndivyo zilivyopita karibu wiki nane.

Siku ya kurudi kliniki tulienda wote watatu. Mtaalamu aliushika mguu wa baba, akakipinda kifundo, akamwambia asukume. Baba alikunja uso na kusukuma. Mguu ulitingishika kidogo tu.

"Mnatembea kila siku?" mtaalamu aliuliza.

"Kila siku bila kukosa," mama alidakia, akitoa kadi kwenye mkoba kwa majivuno.

Mtaalamu aliipitia kadi mstari kwa mstari. Nilisubiri aniulize, lakini hakuniuliza. Uso wake uliingia huzuni.

"Basi mzee ametimiza sehemu yake," alisema. "Nilitegemea mguu huu uwe umefika mbali. Kama kutembea kote huku hakukuleta kitu, nasikitika, huenda mwisho wake ni hapa. Nitampima mara moja tena Jumatatu, kisha itabidi niiandikie idara hivyo."

Baba alitazama sakafu. Mimi pia.

Jioni ile mama hakula. Alikaa mezani akikunja na kukunjua kitambaa, halafu akasema, "Kutembea nje hakukusaidia. Vizuri, utatembea ndani. Kuna mashine za kutembelea. Unapanda, ukanda unazunguka chini ya miguu, unatembea hapo hapo ulipo. Meneja wetu anayo sebuleni kwake. Za bei nafuu zipo."

"Pesa utatoa wapi?" baba aliuliza.

"Ile tuliyowekea mabati ya paa."

"Na mvua je?"

"Mvua tutaikingia sufuria, kama mwaka jana."

Lazima niseme nilishusha pumzi. Niliona mashine ile imekuja kuniokoa. Baba angetembea sebuleni, pazia limefungwa, Kidevu asimwone. Mguu ungepona, na hakuna ambaye angejua habari za ghala. Usiku huo nililala vizuri, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu.

Jumamosi tulienda kwenye duka la vifaa vya michezo. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, shati limenyooshwa, maneno yanamtoka kama bomba lililopasuka. Alitupeleka kwanza kwenye mashine kubwa yenye mishikio pande zote mbili. Mama aliuliza bei mara moja tu. Ndipo muuzaji akatuonyesha nyingine, nyembamba, imelala sakafuni kama mlango uliong'olewa.

"Hii ndiyo ya watu wenye akili, mama," alisema. "Ukimaliza unaisukuma chini ya kitanda. Mzee anatembea huku anaangalia taarifa ya habari. Rimoti yake hii hapa."

"Atashika wapi?" mama aliuliza.

"Ataizoea. Au muiweke karibu na ukuta."

Mama alichuchumaa, akapima upana wa ukanda kwa shubiri. "Shubiri mbili. Mguu wake unatupwa pembeni. Na umeme ukikatika yeye yuko juu?"

"Inasimama."

"Inasimama taratibu, au inasimama tu?"

Muuzaji alikohoa. "Kwa bei hii, mama, inasimama tu."

Hata mimi niliona kwamba majibu yale hayakumridhisha. Lakini mama alikuwa ameshakata shauri kabla hajatoka nyumbani. Alimtazama baba na kusema, "Ijaribu basi, baba watoto."

Baba alipanda. Muuzaji alibonyeza rimoti, ukanda ukaanza kwenda polepole sana, mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Mguu wa kulia ulipiga hatua. Wa kushoto ulibaki ulipokuwa, ukanda ukauchukua nyuma. Baba alinyoosha mkono wake mzima kutafuta cha kushika. Hapakuwa na kitu. Alianguka kwa magoti, na bega lake likagonga rafu, mipira ikamwagika na kuzagaa dukani. Wateja waligeuka wote.

"Mara ya kwanza kila mtu huwa hivyo," alisema muuzaji akizima mashine haraka.

Mama alikuwa ameshapiga magoti, anamfuta baba vumbi kwenye suruali. Goti moja lilikuwa linatoa damu. Baba alihema, jasho likimtiririka, akasema, "Inunue."

"Umeanguka sasa hivi!"

"Nitajifunza. Ndani ya nyumba hakuna wa kuniangalia. Inunue, tuondoke hapa."

Mama alifungua mkoba. Nami nikaona yatakayotokea, nikayaona waziwazi: baba peke yake sebuleni, mama kiwandani, mimi shuleni, baba ameanguka na hakuna wa kumwinua. Kisha idara inapokea barua ya kusema mguu umefika mwisho, na sisi wawili tunajua kwamba barua hiyo si kweli.

"Mama, usinunue," nilisema.

"Nyamaza, mwanangu. Haya ni ya wakubwa."

"Hatukutembea, mama." "Tulikuwa tunakaa nyuma ya ghala la saruji. Siku tano za kwanza ndizo za kweli. Zilizobaki nimeandika uongo."

Muuzaji aligundua ghafla kwamba ana mipira ya kuokota. Mama alinitazama mimi, kisha akamgeukia baba.

"Ni kweli," baba alisema.

"Na wewe mtu mzima ukakubali?"

"Kuna siku watoto walinicheka njiani. Nilimwona huyu akiinamisha kichwa na kuniacha nyuma." Baba aliongea taratibu, kila neno linamgharimu. "Nikasema moyoni, kama mwanangu anaona haya kutembea nami, sitamlazimisha. Aliposema tukae, nilishukuru."

Siku zote nilikuwa nimejidanganya kwamba hakuona. Ningeweza kuvumilia kofi, na hata mawili. Maneno yale sikuyaweza. Nililia pale pale mbele ya watu nisiowajua, na mama akafunga mkoba wake.

"Twendeni nyumbani," alisema.

Jumatatu, kliniki, alinisukuma mbele ya mtaalamu. "Sema mwenyewe," aliniambia.

Nilisema yote. Mtaalamu alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kadi hii uliiona ni ya nini?" aliniuliza.

"Ya kuonyesha bidii yetu."

"Hapana. Hii ni macho yangu. Mimi siishi kwenu, siwezi kuona mnachofanya. Nilichoona ni hizi alama zako, na kwa sababu ya alama hizo nilikuwa karibu kuandika kwamba mguu huu umefika mwisho. Kumbe hata haujaanza." Alimgeukia baba. "Mzee, mtoto wa umri huu kuona haya ni kawaida. Kazi yako ilikuwa kumwambia twende hivyo hivyo. Na ile mashine isiyo na mishikio iacheni dukani. Mwenye miguu yake mizima inaweza kumfaa. Wewe itakuvunja nyonga. Njia ya nje unayo, na haikudai kitu."

Alitupa kadi nyingine. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Tulitembea, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Sitasema ilikuwa raha. Baba alirudi na maumivu, mimi nilirudi na masikio yanawaka kwa vicheko. Siku moja Kidevu aliruka tena kutoka ukutani na kuanza maigizo yake. Baba alisimama, akamtazama kwa makini.

"Umekosea, kijana," alimwambia. "Mguu wangu mbovu ni wa kushoto. Wewe unaburuta wa kulia."

Wale wengine walimcheka Kidevu mpaka akarudi kukaa. Baada ya hapo walituacha, angalau siku nyingi.

Mguu ulianza kuinuka. Wiki ya nne baba alipanda mlima wa kituo cha mafuta bila kupumzika. Lakini siku ya kupimwa, daktari wa idara alimvika mkoba wa kazi na kumwambia apande ngazi za jengo. Zilikuwa ishirini. Baba aliishia ya kumi na mbili, akashika ukuta.

"Unaendelea vizuri sana," daktari alisema akiandika. "Ungepata wiki nane zaidi, naamini ungerudi kwenye njia yako."

Alisema wiki nane, naye hajui lolote juu yetu. Mama alifumba macho.

Idara haikumfukuza baba. Ilimpa kiti ofisini, kwenye dirisha la malalamiko, kwa mshahara pungufu. Tulishukuru, maana ingeweza kuwa vibaya zaidi.

Mwezi uliofuata, Jumamosi asubuhi, dada mmoja mwenye mkoba mpya alibisha hodi kwetu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kusoma mita. Iko wapi?"

Baba alitoka naye mwenyewe, akamwonyesha, akamfunulia kifuniko kwa mkono wa kulia. Kisha akamwelekeza njia nzima: nyumba ya tatu mita iko nyuma ya banda la kuku, ile yenye geti la kijani mbwa wao hana meno, ya pembeni ubishe kwa nguvu kwa sababu bibi hasikii. Yule dada aliandika, akashukuru, akaondoka kwa hatua za haraka. Baba alisimama kwenye mita akimtazama mpaka akakata kona.

Nilikaa mlangoni nikalia. Mama alikuja akakaa karibu nami. Nilidhani atanibembeleza.

"Lia," alisema, "lakini unisikilize. Mlinidanganya mimi nikadanganyika. Mlimdanganya mtaalamu, naye akadanganyika. Mguu wa baba yako haukudanganyika hata siku moja, ulijua kwamba haujatembea. Siku nyingine ukiona haya, njoo uniambie, 'Mama, naona haya.' Hilo ni dogo, nitakusaidia kulibeba. Hili mlilolificha, tazama ni nani analibeba sasa."

Nilitazama. Baba aliinama polepole, akakifunga kifuniko cha mita, akaanza kurudi ndani.