Majina Kumi ya Daraja

Asahel Thayer alikuwa na ng'ombe mmoja, kiti kimoja cha kukalia na kimoja cha kutazama. Hicho cha pili kilikuwa cha mkewe, Ruhama. Alifariki mwezi Aprili, theluji ya Massachusetts ilipoyeyuka na mto ukafurika. Majirani walisimama ng'ambo, kofia mkononi. Hakuna aliyeweza kuvuka. Asahel alichimba kaburi peke yake.

Machi iliyofuata alikwenda kwenye mkutano wa mji. Wenye mashamba walichagua wasimamizi wa mji, kisha wakabishana kuhusu nguruwe wanaozurura. Asahel akasimama.

"Naomba daraja pale mtoni kwangu."

"Halimo kwenye tangazo," alisema mwenyekiti. "Kaa chini, Bwana Thayer."

"Mke wangu..."

"Halimo!"

"Daraja la nani? La ng'ombe wake?" alidakia Eliab, mwenye kinu cha unga. Watu wakacheka.

Asahel akarudi nyumbani, akamsimulia ng'ombe. Ng'ombe alisikiliza vizuri, ila ushauri hakuwa nao.

Maji yalipopungua, mjane Mehitabel Clapp alivuka, gauni amelikunja, mkate wa mahindi kwapani.

"Jirani, nasikia ulipigwa mkutanoni bila kuguswa."

"Mji ule hauna masikio."

"Mji unayo. Wewe ndiye huna macho! Hukusoma tangazo mlangoni mwa kanisa? Lisiloandikwa pale haliamuliwi."

"Kwa nini?"

"Ungependa wapitishe kodi siku umelala na homa, hujui lolote? Tangazo hutoka mapema ili kila mtu ajue kinachokuja. Ukitaka lako liingie, andika ombi. Watu kumi wenye mashamba wakitia sahihi, wasimamizi lazima waliweke, wapende wasipende."

"Kumi! Mimi sijui hata milango mitatu."

"Basi utaijua. Sahihi yangu ingehesabiwa, ungebakiza tisa. Lakini mwanamke hana kura. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa mji. Mimi niliachiwa kusikiliza tu." Akaukata mkate kwa nguvu zaidi kuliko ulivyohitaji.

Kiangazi chote Asahel alibisha hodi. Kuomba sahihi hakukuwa kugumu. Kulikokuwa kugumu ni kusema neno la kwanza, maana sauti yake ilishashika kutu. Mmoja alimpa maharage. Mwingine alimkalisha kutwa nzima akimsimulia maumivu ya goti lake. Wa tisa hakujua kuandika, akachora msalaba. Ukabaki mlango wa Eliab.

"Umetumwa na ng'ombe?" aliuliza Eliab.

"Ndiyo. Anakusalimu."

Eliab akacheka, kisha akalipokea lile ombi. "Siku ile nilikuwa ng'ambo," alisema. "Nilikuona ukichimba." Akachukua kalamu.

Septemba, daraja liliandikwa kwenye tangazo. Mkutanoni mikono ikahesabiwa: thelathini na mmoja walikubali, ishirini na wanane walikataa. Mehitabel alikaa nyuma, mikono yake mapajani. Kabla ya theluji kuanguka, daraja lilikuwa limesimama.

Aprili mto ulifurika tena. Siku ya kumbukumbu ya Ruhama, Asahel alikaa peke yake akitazama kile kiti. Maji yalinguruma. Kisha akasikia hatua juu ya mbao, nyingi, zikija.

"Hodi!" Alikuwa Mehitabel, na mkate wake. Nyuma yake Eliab, yule wa goti, na wengine.

Chumba kikajaa. Asahel akakivuta kiti cha Ruhama katikati.

"Kaa, Mehitabel."

"Mimi? Sikutia hata sahihi."

"Kaa," alisema Asahel.