Tindikali Kwenye Redio ya Bi Sugra

Asubuhi nyumbani kwa Bi Sugra ilianza na redio. Chai ingeweza kuchelewa, chapati ingeweza kuungua upande mmoja, lakini redio haikuchelewa. Bi Sugra alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akanyoosha mkono, akazungusha kitufe. Taarifa ya habari ikajaa nyumba nzima.

Macho ya Bi Sugra yalikuwa yamefifia. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita, basi. Lakini redio ile aliijua kwa vidole. Kitufe cha kushoto ni sauti, cha kulia ni stesheni. Wajukuu wake walimletea redio mpya, ndogo, yenye vitufe vingi kama punje za mahindi. Aliibonyezabonyeza, ikapiga kelele, akaifunika kwa kitambaa. Mpaka leo imefunikwa.

Redio ya zamani ilinunuliwa na marehemu mumewe, Kurbanali, aliyekuwa fundi bati. Wakati ule mitaa ya Ngamiani ilijaa sauti za nyundo. Watu walimpelekea Kurbanali mabirika yanayovuja, taa za chemni na masanduku ya bati. Siku hizi birika likitoboka linatupwa, linanunuliwa jingine la plastiki. Simlaumu mtu, hata mimi ninalo la plastiki. Lakini nyundo zile nazikumbuka, na utulivu ulioingia mtaani zilipokoma kwa adhana ya Alasiri.

Siku moja redio ilinyamaza katikati ya matangazo ya vifo. Bi Sugra alimwita mwanawe, Mustansir, aliyekuwa akijiandaa kwenda kufungua duka lake la vyombo. Mustansir alifungua kifuniko cha nyuma. Aliona waya mwekundu umeachia kwenye springi inayoshika betri.

"Ni waya tu, Mama. Nitauchomea risasi kama alivyokuwa akifanya Baba."

Aliingia stoo, akatoa chuma cha kulehemu cha baba yake na chupa yake ya tindikali. Kiliitwa chuma, lakini kilikuwa kipande kizito cha shaba chenye mpini wa mti. Akakipasha moto kwenye jiko la mkaa. Kisha akapaka tindikali kwenye waya kwa unyoya wa kuku, kama alivyomwona baba yake akipaka kwenye mabirika. Akayeyusha risasi, ile ya kuungia bati, juu yake. Moshi mkali ukapanda. Bi Sugra akakohoa, lakini alikuwa anatabasamu.

"Hiyo ndiyo harufu ya baba yako," alisema.

Redio ikasema, na wote wawili wakafurahi. Baada ya siku chache ikaanza kukwaruza, kisha ikazima kabisa. Mustansir alipoifungua, alikuta pale alipochomea pameota ukungu wa kijani. Waya umeliwa, umebaki kama uzi.

"Imekufa?" mama yake aliuliza.

"Bado, Mama."

"Kama imekufa niambie. Usinifiche."

Mustansir alirudisha kifuniko. Asubuhi iliyofuata alimkuta mama yake amekaa palepale dirishani, mkono juu ya redio iliyo kimya. Roho ilimuuma. Baba yake aliacha vitu vingi, lakini hiki ndicho pekee kilichokuwa bado kinazungumza na mama yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekiharibu.

Aliifunga redio kwenye kanga, akaenda kwa jirani yao Khuloud. Khuloud alisomea umeme chuo cha ufundi. Hutengeneza redio na simu kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wake.

"Shikamoo, mjomba," Khuloud alisema. Alipoona ukungu wa kijani akainua macho. "Hapa ulitumia nini?"

"Tindikali. Baba alitumia hiyohiyo maisha yake yote."

"Kwenye bati."

"Ndiyo, kwenye bati."

"Basi yeye hakukosea. Bati lina kutu na mafuta. Tindikali inalisafisha ili risasi ishike. Akimaliza alifanyaje?"

Mustansir alifikiri kidogo. "Aliosha. Kwa maji mengi, na majivu."

"Unaona? Redio hatuioshi hivyo. Tindikali ilibaki humo ndani, ikawa inakula shaba kidogo kidogo. Kwenye waya na kwenye bodi ya redio, tindikali haiingii kabisa."

"Itapona?"

"Itapona tukiiwahi. Niachie, nitakufanyia."

Mustansir aliitazama redio. "Naomba unifundishe, nifanye mwenyewe. Nimekulia kwenye kazi hii, naona aibu kuileta redio ya Baba kwa fundi."

Khuloud akacheka. "Aibu ya nini, mjomba? Haya, kaa."

Hakumpa redio. Alimpa vipande vya nyaya chakavu. Kwanza alifungua dirisha. "Moshi wake usiuvute," alisema. "Na ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula. Risasi ni sumu."

Kisha akamwonyesha chuma cha kulehemu cha umeme, chembamba kama kalamu. Akamwonyesha na risasi yake, ambayo ni laini kama waya. "Ndani yake mna ulimbo, utomvu wa mti. Huo ulimbo ndio unaosafisha, badala ya tindikali. Ukinunua, hakikisha ni hii ya kazi za umeme."

Mustansir alisokota nyaya mbili pamoja. Akayeyusha risasi kwenye ncha ya chuma, akaidondosha juu ya nyaya. Tone likaganda. Khuloud akavuta, nyaya zikaachana.

"Umefanya kama birika," Khuloud alisema. "Usidondoshe. Gusisha chuma kwenye nyaya zenyewe zipate moto. Halafu gusisha risasi kwenye nyaya. Nyaya ndizo ziyeyushe risasi."

Akajaribu tena. Safari hii alikandamiza kwa nguvu, plastiki ya waya ikaanza kuyeyuka.

"Taratibu, mjomba. Hapa nguvu haisaidii, ni joto tu."

Safari nyingine alikaribia kupatia, lakini aliinua waya autazame kabla haujapoa. Kiungo kikawa hakina mng'ao, chenye mikunjo. Khuloud alimwonyesha kimoja cha kwake. Kilikuwa laini, kinang'aa, risasi imeenea na kuzikumbatia nyaya pande zote. "Usikitikise mpaka kigande. Na ncha ya chuma ifute kwenye sponji mbichi kila mara. Ikiwa chafu haipitishi joto."

Kila jioni Mustansir akifunga duka alipita kwa Khuloud. Alichoma nyaya, akaharibu, akakata, akaanza upya. Sikio lake lilianza kukumbuka mambo ya zamani: mlio mdogo wa risasi ikiyeyuka, na baba yake akisema "subiri, subiri" bila kumtazama.

Hatimaye Khuloud akamsogezea redio. Wakatoa betri kwanza. Wakakata waya mpaka kwenye shaba safi, wakasugua springi kwa msasa na kuifuta kwa spiriti. Mustansir akalehemu waya mpya. Ukashika. Ndipo Khuloud alipogundua kuwa mguu wa kifaa kimoja kidogo kwenye bodi ulikuwa unacheza.

"Hiki kikipata joto jingi kinakufa," alisema. "Na cha kukibadilisha sina. Gusa mguu na bodi kwa pamoja, lisha risasi kidogo, ondoa. Usikawie."

Mustansir akashika chuma. Akaegemeza mkono mezani. Akagusa, akalisha, akaondoa. Akasubiri mpaka risasi ilipoganda, inang'aa.

Alirudi nyumbani na redio mikononi. Bi Sugra alinusa hewa. "Leo hakuna tindikali."

"Ni ulimbo, Mama."

Bi Sugra alitafuta kitufe cha kushoto kwa vidole. Redio ikasema, safi, bila kukwaruza. Alisikiliza kidogo, machozi yakimlengalenga. Kisha akaizima.

Mustansir alishtuka. "Kuna nini, Mama? Haisikiki vizuri?"

"Inasikika. Itasema kesho pia. Kaa hapa." Alipapasa kiti cha pembeni. "Baba yako akirudi kazini alinisimulia kila kiungo. Tangu afe, hakuna aliyenisimulia kazi ya mikono. Wewe unarudi dukani unasema umechoka, unalala."

Mustansir alikaa.

"Haya," mama yake akasema. "Anzia mwanzo. Kwanza ulifanya nini?"

"Kwanza tulifungua dirisha," Mustansir akasema. "Halafu tukatoa betri."

"Mawe," mama yake alimsahihisha kwa jina la zamani la betri. "Mkayatoa mawe. Endelea."