Wifi, Subiri Nje

Kwenye kibaraza cha mshona nguo hakupiti mtu bila kupimwa. Na hapimwi kwa futi, anapimwa kwa macho. Cherehani yake inatazama barabara. Mguu ukikanyaga, macho nayo yanatembea. Nani kavaa nini, nani kacheka na nani, yote anayo. Majirani walimpa jina la Redio. Mbele yake, bila shaka, walimwita fundi.

Redio alikuwa na kaka mmoja tu, fundi wa friji. Wazazi walipofariki, kaka ndiye aliyemlea. Hata ile cherehani aliinunua kaka. Mume wa Redio alipomkimbia, aliyekuja kumfuta machozi ni kaka huyo huyo. Kila Jumapili alikula kwa dada yake, akasifia mchuzi hata kama chumvi imezidi.

Kisha kaka akaoa msusi wa nywele, na mambo yakageuka. Kaka na mkewe walipanga nyumba iliyopakana na ya Redio, ukuta mmoja. Lakini Jumapili kaka hakuonekana tena. Zawadi zikawa zinapita mbele ya kibaraza cha Redio, zinaingia mlango wa pili. Redio alitazama, roho ikamuuma kwelikweli. Tusizunguke mbuyu, alikuwa na wivu.

Basi akaanza kupeleka habari.

"Kaka, mkeo leo alikuwa anacheka na muuza maji. Mimi simo. Nimesema tu."

Kaka naye alikuwa na wivu wake, na wivu wake ulikuwa na mikono. Jioni Redio alisikia vishindo ukutani. Alisikia, "Usinipige, jamani!" Akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asisikie.

"Mambo ya mke na mume hayo," alijiambia. "Nani kamtuma acheke ovyo?"

Msusi akapata mimba. Wivu wa kaka haukupungua, uliongezeka. "Kliniki huendi peke yako," alimwambia mkewe. "Dada atakusindikiza."

Redio akawa msindikizaji. Na alisindikiza kwa mdomo wote. Muuguzi, mama mmoja mpole aliyeitwa Sista na kila mtu, aliuliza na Redio akajibu.

"Unaendeleaje, mama?"

"Hajambo huyu, Sista. Anakula kama mchwa."

"Na hiyo alama mkononi?"

"Aliteleza bafuni. Mzembe! Hata kandambili hazimkai mguuni."

Msusi aliangalia sakafu. Sista alimtazama Msusi, akamtazama Redio, asiulize zaidi. Alijua kwamba swali lile halikuwa la kuulizwa mbele ya watu.

Jumamosi moja Msusi alitoka bombani na ndoo. Tumbo lilikuwa kubwa sasa. Kijana wa duka la jirani akamwonea huruma, akambebea ndoo mpaka mlangoni. Redio aliona. Wakati wake yeye, nani alimbebea ndoo? Hakuna. Jioni kaka alipopita, habari ilikuwa imeshaiva.

"Siku hizi mkeo ana wachukuzi. Mimi simo."

Usiku ule Redio alisikia vishindo, kisha kimya. Kimya kile hakikumpendeza. Alilala akijifunika shuka mpaka kichwani.

Siku ya kliniki ilipofika, Msusi alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni. Jua lilikuwa kali, lakini alikuwa amejifunga mtandio shingoni.

"Wifi, unaumwa koo?" Redio aliuliza.

"Kidogo," Msusi alisema. Sauti ilikuwa imekauka.

Walipoitwa, Redio alinyanyuka kwanza, kama kawaida yake. Sista akasimama mlangoni.

"Wifi, subiri nje."

"Mimi?" Redio alishangaa. "Sista, mimi ndiye mtu wake. Huyu haongei."

"Ataongea. Siku hizi hapa kila mama huingia peke yake kwanza. Awe kaja na mume, na mama mkwe, na wifi, wote benchi lao ni lile pale. Tukimaliza nitakuita, kama yeye mwenyewe atapenda."

Mlango ukafungwa.

Loo! Redio alikaa kwenye benchi, masikio yameelekea mlangoni. Wanasema nini humo? Bila shaka kaka yake anachambuliwa kama mchicha. Na kilichomuuma zaidi hakikuwa hicho. Alipoachwa na mume, alipokosa usingizi miezi na miezi, hakuna aliyemfungia mlango akamuuliza, "Mama, una nini?" Msusi anaulizwa. Msusi kila kitu anapata yeye.

Mara akaja tabibu wa kiume, anasukuma mashine ndogo yenye magurudumu. Akabisha hodi, akaingia. Mlango ukafungwa tena.

Redio akatoa simu. Hakufikiri mara mbili.

"Kaka, mimi simo. Lakini mkeo yuko chumbani na mwanamume, na mlango umefungwa."

"Nakuja," kaka alisema, akakata.

Redio akarudisha simu kifuani. Akajisikia vizuri. Kaka anakuja, tena kwa kuitwa na yeye.

Baada ya muda Sista alifungua mlango.

"Wifi, ingia. Yeye ndiye aliyesema uingie. Nimemuuliza mara ya pili kama ana uhakika, akasema anao."

Redio aliingia na maneno yake yamejaa mdomoni. Tabibu alikuwa anafuta mashine ya kutazamia mtoto. Msusi alikaa kitandani, mtandio umetoka. Shingoni kulikuwa na alama za vidole, pande zote mbili, zimeiva kwa weusi.

"Wifi," Msusi alisema, "nimemwambia Sista kila kitu. Kaka yako alinikaba Jumamosi. Niliona giza. Nilidhani nakufa na mtoto wangu."

"Alikukaba kwa nini?"

"Kwa ndoo ya maji. Ile uliyoiona wewe."

Redio akajaribu kumtetea. "Lakini wifi... kaka ana wivu tu. Anakupenda."

Sista akavuta kiti, akakaa karibu naye. Hakupandisha sauti.

"Wivu tunao wote, mama. Mimi ninao, na wewe unao. Lakini wivu haumpi mtu ruhusa ya kupiga. Hata kama mke angecheka na wauza maji wote wa mji huu, kipigo si haki yake. Kosa ni la anayepiga."

"Ndiyo, Sista."

"Sasa sikiliza, maana wifi yako ameniruhusu nikueleze. Mjamzito akipigwa au akisukumwa, kondo la nyuma linaweza kubanduka tumboni. Kondo ndilo linalomlisha mtoto. Likibanduka, mama anatoka damu, mtoto anakosa hewa. Wanaweza kufa wote wawili. Wengine huzaa kabla ya wakati, au mtoto huzaliwa mdogo. Leo mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri. Lakini mama ametoka damu kidogo, na ile shingo lazima iangaliwe. Harudi nyumbani leo."

"Na shingo... si itapona?"

"Alama zitapona. Lakini mwanamume aliyemkaba mkewe mara moja anaweza kumuua siku nyingine. Hiyo ni dalili ya hatari kubwa. Tukiiona, hatusemi 'kavumilie.' Na mtu akikabwa, aje hospitali hata kama hana alama."

Redio akamgeukia Msusi. Machozi yalikuwa yanamlenga, na hasira pia.

"Mbona hukusema miezi yote hii? Si tunakuja wote hapa?"

"Ningesemaje, wifi?" Msusi alimwangalia usoni. "Wewe ndiye uliyekuwa unajibu."

Redio alitazama mikono yake.

"Umeniitia nini basi?" aliuliza mwishowe.

"Kaka yako anasikiliza watu wachache. Wewe ni wa kwanza. Habari zako zikifika kwake, zinaishia mgongoni kwangu. Nataka uzinyamazishe. Sikuombi kingine."

Hapo ndipo Redio alipokumbuka simu.

"Sista," alisema kwa sauti ndogo, "nimeshampigia. Nimemwambia yuko na mwanamume ndani. Anakuja."

Tabibu akaacha kufuta mashine. Msusi akashika tumbo. Sista hakugomba, wala hakupiga kelele. Alisimama, akampigia mlinzi wa getini. Kisha akamwinamia Msusi.

"Mama, tunakuhamishia wodi ya nyuma. Huko hakuna mgeni atakayeambiwa kwamba upo. Unataka niwaite polisi wa dawati la jinsia na afisa ustawi wa jamii? Uamuzi ni wako."

Msusi alifikiri kidogo. "Waite wote," alisema.

"Na wewe, wifi," Sista alisema wakimtoa Msusi kwa mlango wa ndani, "usiende kugombana naye. Usimwambie mkewe amesema nini. Mlinzi yupo. Ukiogopa, kaa humu humu."

Redio angeweza kukaa. Lakini alitoka, akarudi kwenye benchi lake.

Kaka alikuja mbio, na ovaroli la kazi, spana mkononi. Aliwapita wote pale ukumbini akaja moja kwa moja kwa dada yake. Alimshika mabega.

"Dada, umefanya vizuri kuniita. Wewe ndiye mtu wangu. Yuko wapi?"

Ee Mungu wangu! Tangu kaka aoe, Redio alikuwa anaisubiri siku hii. Kaka amjie mbio, amwambie hivyo. Mlango wa wodi ya nyuma ulikuwa pale pale, kushoto. Ilikuwa kunyoosha kidole tu, na kaka arudi kuwa wake.

"Sijui," Redio alisema.

"Hujui? Wewe?"

"Sijui, kaka."

Uso wa kaka ukabadilika. "Na wewe pia? Amekununua?" Akamkamata dada yake kwenye kola, akaikunja. Kitambaa kikambana shingoni. Redio alijaribu kuvuta pumzi, ikagoma. Macho aliyoyaona mbele yake hakuwahi kuyaona. Ni macho ambayo Msusi alikuwa anayaona jioni kwa jioni, huku yeye anakanyaga cherehani.

Mlinzi na mwenzake walimvuta kaka, spana ikaanguka sakafuni. Polisi walipofika walimkuta amekaa chini, analia. Redio naye alilia. Alimpenda kaka yake, na hilo halikubadilika. Lakini hakusema mkewe alipo.

Msusi alilazwa mpaka damu ikakata na koo likapona. Sista alikaa naye, wakapanga. Hakumpa karatasi ya mpango huo kwenda nayo, mume asije akaiona. Hakumpigia simu ovyo, maana simu inaweza kupokelewa na mwingine. Alimuuliza, "Ukitoka hapa, wapi utalala bila hofu?" Msusi alichagua kwa mama yake mdogo, mtaa wa mbali. Afisa ustawi akafika kuangalia kama ni salama. Redio akiwa na polisi aliingia nyumbani kwa kaka, akakusanya nguo, kadi ya kliniki na vyeti vya Msusi kwenye begi. Alama za mwilini zilikuwa zimeandikwa na tabibu, kwa ruhusa ya Msusi, na mahakamani zikasaidia. Kaka aliamriwa asimkaribie, akawekwa mahabusu kesi ikiendelea.

Redio alikwenda kumtembelea kaka mahabusu. Alimpelekea chai.

"Habari za mke wangu?" kaka aliuliza.

"Kunywa chai," Redio alisema. "Habari hizo mimi siuzi tena."

Kliniki Msusi aliendelea kwenda. Kila alipofika, Sista alifunga mlango na kuuliza, "Mama, uko salama?" Aliuliza hata siku ambazo Msusi alikuja akicheka. Siku zilipotimia akajifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye kelele.

Redio alisubiri aitwe, hakwenda kwa kujialika. Alipoitwa alivaa vizuri, akaenda. Alimkuta mama mdogo amempakata mtoto. Wivu ukamchoma pale pale mlangoni. Mtoto wa kaka yake, damu yake, yuko mikononi mwa mtu mwingine! Mdomo ukamwasha. Akakaa pembeni, akaufunga.

Mama mdogo alimrudishia Msusi mtoto, akaenda jikoni.

"Sijakusamehe, wifi," Msusi alisema.

"Najua."

"Pengine iko siku. Leo bado."

"Haya, wifi."

Mtoto akaanza kulia. Msusi alimbembeleza, akambadilisha bega, wapi! Alikuwa hajalala siku kadhaa. Mwishowe akamnyooshea Redio.

"Mshike. Mikono imechoka."

Redio alinyanyuka haraka, kisha akasita, akampokea taratibu.

"Kichwa," Msusi alisema. "Shika kichwa."

Redio akakishika.